Kagawa mnamjua. Hasebe je?

Nimepotea kidogo, tesiti zilitubana, lakini bado nipo. Leo sina stori ya boom wala foleni ya kantini. Tuongee mpira.

Uliza hapa hosteli, mchezaji gani Mjapani unamjua? Utasikia Shinji Kagawa. Sishangai. Jamaa alikuwa Manchester United kuanzia 2012 hadi 2014, na Machi 2013 akawapiga Norwich mabao matatu peke yake. Ndiye Mwasia wa kwanza kupiga hat-trick Ligi Kuu ya Uingereza. Mechi za Man U banda gani hazionyeshwi? Hata muuza chipsi anamjua.

Sasa mtaje Makoto Hasebe. Kimya!

Huyu ndiye alikuwa kapteni wa Japani Kombe la Dunia mara tatu: 2010, 2014 na 2018. Hizo mbili za mwisho huyohuyo Kagawa wenu alikuwa chini yake. Hasebe alienda Ujerumani 2008, akatundika daluga 2024 akiwa na miaka 40. Alibeba ubingwa na Wolfsburg 2009, kisha akiwa Eintracht Frankfurt akabeba Kombe la Ujerumani 2018 na Europa League 2022. Timu ya taifa kacheza mechi 114, mabao mawili tu. Nadhani shida iko hapo. Bandani tunashangilia mfungaji, anayeziba mapengo nani anamwona?

Na kuziba alikuwa anaziba kweli. Septemba 2011, Wolfsburg wakicheza na Hoffenheim, kipa wao akala nyekundu na wachezaji wa akiba wameshaisha. Aliyevaa glovu ni Hasebe, kiungo!

Lakini kwao Japani ni mtu mkubwa. Kitabu chake cha 2011, kuhusu kuuweka moyo sawa, kiliuza nakala zaidi ya milioni moja. Mrabaha akawapa UNICEF, ukasaidia kujenga upya chekechea ya Minamisanriku baada ya tsunami. Kwa hiyo umaarufu unategemea umekaa mbele ya TV ipi.

Kwa nini nawaambia haya? Wiki ijayo naenda TP. Mjomba ananishawishi nikimaliza chuo niachane na ualimu, nitafute kazi yenye jina mjini. Anasema mwalimu hata akifanya vizuri hakuna anayemjua. Sio uongo. Ila chekechea ile ina watoto, na wao hawahitaji kujua Hasebe alifunga mangapi.

Mjomba sijamjibu. Niacheni kwanza niingie darasani, nione kama naweza kuziba pengo wiki nzima bila mtu kunipigia makofi. Nikiweza, jibu atalipata.

Haya, mnaomtetea Kagawa karibuni tubishane. Na wenzangu wa TP, chaki msisahau!