Ukija Nane Nane, Pitia Kaloleni

Tarehe 8 Agosti kila mwaka ni Sikukuu ya Wakulima. Huenda na wewe huja Arusha kutazama maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Themi, Njiro. Unaona mbegu bora, ng'ombe wa maziwa na zana za kilimo. Hayo ni mema. Lakini usikimbilie basi la kurudi. Bakiza saa chache uingie mjini.

Kwanza, tazama Boma la zamani la Wajerumani. Lilijengwa mwaka 1900. Waarusha na Wameru walilazimishwa kulijenga. Siku hizi ni makumbusho.

Kisha nenda Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge. Kwa miguu si mbali. Hapo pana Makumbusho ya Azimio la Arusha. Katika jengo hilo viongozi wa TANU walikutana Januari 1967. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari. Lilisema kuwa kilimo ndicho msingi wa maendeleo.

Nenda na watoto wako. Bomani mkulima alitumikishwa. Kaloleni mkulima aliheshimiwa. Mtoto akiyaona yote mawili, atajua kwa nini wakulima wana sikukuu yao.