Jiwe Lina Kwao, Tantali Je?

Nikitaja Kisii mbele ya wageni, wengi hunijibu kwa jiwe: bakuli, sahani, kiboko mdogo wa kuweka mezani. Jiwe hilo laini huchimbwa Tabaka, lakini duniani linaitwa jiwe la Kisii. Hata sisi wa Nyamira, ambao hatuna machimbo hayo, tunajigamba nalo. Mchongaji analipwa kidogo, sawa, ila jina limesafiri na mzigo.

Sasa nenda kwa fundi wa simu pale Kisii mjini. Akifungua simu au kompyuta, utaona ubao wenye vijidude vidogo kama punje za wimbi. Vingine ni kapasita, vya kuhifadhi umeme, na baadhi vimetengenezwa kwa tantali. Hii ni metali adimu, nzito kuliko chuma, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 3,017 hivi za Selsiasi, na asidi nyingi haziiwezi.

Iligunduliwa na Anders Gustaf Ekeberg wa Sweden mwaka 1802. Oksidi yake ilizamishwa kwenye asidi, isinywe chochote. Akamkumbuka Tantalus, mfalme wa hadithi za Wagiriki aliyehukumiwa kusimama majini hadi kidevuni: kila akiinama anywe, maji yanakimbia. Ndiyo asili ya jina.

Madini yenye tantali tunayaita koltani. "Tan" ni ya huyo Mgiriki. "Kol" ni ya kolumbi, jina ambalo Charles Hatchett alilipa metali ndugu yake huko London mwaka 1801, kwa heshima ya Marekani. Leo metali hiyo inaitwa niobi. Basi jina limegawanywa: Marekani nusu, Ugiriki nusu. Na Kongo je?

Maana huko Rubaya, Masisi, Kivu Kaskazini, koltani huchimbwa kwa sururu na sepetu, na watu wanaoongea Kiswahili kama sisi. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliteka machimbo hayo. Mzigo ukishachanganywa na mwingine njiani, asili yake inapotea. Na kitu kisicho na kwao hakiulizwi kilichimbwa na nani, kwa bei gani, wala nani alifukiwa shimoni. Mnunuzi wa jiwe letu anaweza kupanda matatu hadi Tabaka, amtazame mchongaji usoni. Mwenye simu aende wapi?

Tuanze na jina basi. Tuseme koltani ya Rubaya, vile tunasema jiwe la Kisii.