Nani anamfuata mtoto nyumbani?

Kazi za chumba cha habari zimenibana, ila leo sitalala kabla sijalitoa hili moyoni.

Magazeti yetu yakiandika juu ya utoro shuleni, sababu huwa ni moja tu: wazazi hawana mwamko. Kiongozi anaagiza wakamatwe, picha inapigwa, habari imekwisha. Lakini kwetu Narung'ombe, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, utoro una kalenda yake. Korosho zinadondoka mwezi Oktoba, wakati ule ule wa mtihani wa darasa la nne, na korosho huokotwa moja moja, kwa hiyo kila mkono nyumbani unahesabiwa. Ukifika msimu wa kulima, familia zinahamia mashamba ya mbali na kulala dunguni kulinda mazao dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Mtoto ama anafuatana nao, ama anabaki kijijini na wadogo zake akijipikia. Je, huo ni ukosefu wa mwamko?

Mwaka 2009, nikiwa darasa la nne, nilikaa dawati moja na jamaa mmoja ambaye sitamtaja. Baba yake alishaondoka, mama yake alikuwa hoi kitandani. Jamaa akikosa siku mbili, ya tatu anachapwa viboko mbele ya mstari, kisha barua inakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Ikawa hivyo hadi mwalimu wetu mmoja wa kike alipoamua kwenda kwao jioni moja, bila fimbo. Alikuta mtoto wa miaka kumi anasonga ugali na kumwogesha mama yake. Mwalimu akazungumza na mwenyekiti wa kitongoji, akina mama majirani wakapangiana zamu ya maji na kupika, na mgonjwa akapelekwa zahanati. Wiki iliyofuata jamaa alikuwa darasani, na hesabu alituacha wote.

Januari mwalimu akahamishwa. Hakuna aliyerithi ile kazi, maana haikuwa kazi ya mtu yeyote, ilikuwa huruma yake tu. Jamaa hakumaliza darasa la tano. Leo anaendesha bodaboda. Nikienda likizo ananibeba, na tunagombana kila mara kwa sababu hataki nauli yangu.

Wadau, kazi aliyoifanya mwalimu yule ina jina na ina chuo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Tatizo ni kwamba afisa ustawi anakaa makao makuu ya halmashauri, na mezani kwake kuna ndoa zilizovunjika, matunzo ya watoto, kesi za mahakamani na wazee wasio na ndugu. Shuleni yupo mwalimu wa malezi, lakini naye ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. TASAF nayo imekuwa ikizipa ruzuku kaya maskini, kwa sharti kwamba mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Ni sharti zuri. Lakini hebu lipeleke kwenye nyumba ya yule jamaa: mama anaugua, mtoto anakosa shule ili amuuguze, ruzuku inakatwa. Fedha inapungua wakati inapohitajika zaidi! Daftari la mahudhurio linaliona pengo, ila haliwezi kuona kitanda cha mgonjwa.

Ruangwa ndiyo iliyotupa waziri mkuu wa 2015 hadi 2025, Kassim Majaliwa, mwalimu kitaaluma. Walimu tunawaheshimu sana huku. Lakini kumpa mwalimu mmoja ubao, chaki na matatizo ya kaya zote za darasa lake ni kumwonea.

Ninachotaka ni kidogo: kila kata iwe na afisa ustawi mmoja ambaye ofisi yake ni shule za kata hiyo. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo, afisa huyo afike nyumbani kabla barua haijafika kwa mtendaji. Na tunaposhika kalamu kuandika habari ya utoro, kabla ya kuuliza wangapi wamekamatwa, tuulize nani alibisha hodi.