Asali, Chavua na Kifua cha Binti Yangu



Hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, nyasi zikichanua baada ya mvua binti yangu wa miaka saba hupiga chafya mfululizo na macho humwasha. Kwa kuwa Suratun-Nahl imetaja ponyo katika asali, nilikuwa nikimpa kijiko kila asubuhi pamoja na habbat sauda. Kikohozi kilipungua, chafya hazikuisha.

Usiku mmoja kifua kikaanza kumlia kama filimbi. Nikashika chupa ya asali. Mama yangu akaniambia: "Mwanangu, mtoto hapati pumzi, mpeleke!"

Daktari alimpa dawa ya kuvuta, akatulia. Kisha akanieleza: nyuki hukusanya zaidi chavua ya maua, lakini inayomdhuru mtoto ni ya nyasi, inayopeperushwa na upepo. Asali hulainisha koo, haifungui kifua.

Niliona haya. Nilidhani kukimbilia hospitali ni upungufu wa imani, kumbe dawa ile nayo ni neema ya Allah (s.w.).

Asali bado tunakula, ila mtoto asiyetimiza mwaka asipewe. Na kifua kikibana, wazazi wenzangu, msingoje asubuhi.

Wabillahi tawfiq.