Ile herufi F iliniumbua kwa mama

MJINI shule. Mimi ada yangu niliilipa Kariakoo, mchana kweupe, tena kwa hela ya mama!

Ilikuwa mwaka 2023. Laptopu ya mdogo wangu wa chuo ilikata roho akiwa katikati ya ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Na mimi wakati huo nilikuwa nachapa barua na CV za watu wa mtaani kwa simu, macho yananitoka. Mama akatuonea huruma. Zamu yake ya upatu ilipofika akanikabidhi laki nane taslimu. "Nunueni kompyuta ya nyumbani," akasema. "Huyu asome, wewe uchape kazi za watu. Lakini hela hii nimeisubiri miezi kumi, mwanangu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyokuja kuninyima usingizi.

Basi, mimi na dogo tukakaa chini kupiga mahesabu. Tukaona bora kuunga kompyuta ya mezani, kifaa kimoja kimoja. Faida yake ni kwamba kikiharibika kitu unabadilisha hicho hicho, huanzi upya. Kioo hatukuhitaji kununua, kwa sababu televisheni ya sebuleni ilikuwa na tundu la HDMI. Orodha yetu ikawa fupi: prosesa, mazabodi, memori ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256, kasha na pawasaplai yake, kibodi na mausi. Kazi yetu ni kuandika, kufungua intaneti na kutazama filamu za Jumapili. Basi.

Prosesa tuliyoiandika ni Core i3-12100. Nikafika dukani, kijana akanitazama juu mpaka chini. "Sista, ya nini kutupa hela? Chukua hii 12100F. Ni ile ile, kasi ile ile, sitini elfu unabaki nazo."

Sitini elfu! Nani angekataa? Nikaona nimelamba dume. Tena kwa furaha ile chenji nikaongezea kwenye kasha. Badala ya lile jeusi la kawaida nikachukua lenye kioo ubavuni na feni zenye taa za rangi, kama ukumbi wa disko. Pawasaplai ilikuwa imo ndani, imeandikwa wati 500. Nikaamini maandishi.

Usiku dogo akaunga kila kitu. Tukabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa zikawaka nyekundu, kijani, bluu. Mama akapiga vigelegele! Lakini televisheni ilikuwa giza tiii. Tukachomoa waya, tukachomeka. Tukabadilisha tundu la HDMI. Giza.

"Imewaka?" mama akauliza.

"Imewaka, mama," nikajibu. Si taa zilikuwa zinawaka?

Huo ukawa uongo wangu wa kwanza. Kesho yake nikamwambia inapakia programu. Keshokutwa nikasema inasubiri intaneti. Kumbe mwenzangu huko kwenye upatu ameshatamba kwamba binti yake ana kompyuta, na ameahidi nitawachapia katiba ya kikundi, bure, ifikapo Jumamosi. Aliponiletea yale makaratasi nilihisi tumbo la kuendesha.

Dukani niliporudi nikaonyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikaambiwa mashine ni nzima, labda televisheni yangu ndiyo mbovu.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alisoma karatasi ya manunuzi, akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha. "Dada, hii F ndiyo imekumaliza," akasema. Akanieleza taratibu. Prosesa nyingi za Intel za nyumbani zina sehemu ndani yake inayotengeneza picha. Zile zenye F mwishoni hazina. Tundu la HDMI kwenye mazabodi unaliona, lakini hakuna wa kulipelekea picha. Anayenunua F ni yule mwenye kadi ya picha yake pembeni, kama wacheza gemu. Kwa hiyo kijana wa duka kuhusu kasi hakunidanganya. Alininyima nusu ya maneno tu.

Kisha akachomoa pawasaplai, akaipima mkononi. Nyepesi kama andazi. Akaniambia mashine kama yangu, isiyo na kadi ya picha, haifiki hata wati 150, kwa hiyo namba kubwa kwenye karatasi isinitie kiwewe. Cha kuangalia ni ubora, maana pawasaplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na mazabodi yako, tena kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo.

Kwa bahati alikuwa na mteja, mcheza gemu, aliyekuwa akitafuta F na kasha la madoido. Tukabadilishana. Lakini ili nipate prosesa isiyo na F na pawasaplai inayoeleweka, ilibidi niongeze elfu sabini. Sina hata kumi.

Nikarudi nyumbani nikamkuta mama anachambua mchicha. Nikakaa kwenye kigoda, nikasema yote, pamoja na uongo wa siku tatu. Alinyamaza mpaka fungu likaisha.

"Ulipokwenda kuninunulia regulata ya gesi," akasema, "si uliuliza kwanza inaingia mtungi gani?"

"Niliuliza, mama."

"Na huku kwa nini hukuuliza?"

Sikuwa na jibu. Ukweli niliogopa kuonekana mshamba mbele ya yule kijana. Mama akafungua pindo la khanga, akahesabu sabini. "Hela inarudi," akasema. "Ule uongo wako ndio ulioniuma."

Ijumaa usiku televisheni ikatoa picha. Jumamosi katiba ikachapwa, na sabini za mama zilirudi kabla mwezi haujaisha.

Sasa na wewe unayetaka kuunga yako, sikia ya mwenzio. Anza na kazi unayotaka kufanya, duka baadaye. Kama huna kadi ya picha, uliza prosesa inatoa picha yenyewe? Uliza inaingia kwenye mazabodi hiyo? Memori nayo, DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5, na zipo mazabodi za prosesa ile ile zinazotaka hii na nyingine zinazotaka ile. Usikubali diski ya zamani ya kuzunguka iwe ndiyo ya kuwashia mashine; SSD hata ndogo utaona tofauti. Memori bei yake ilipaa vibaya mwishoni mwa 2025, hivyo chukua kipande kimoja cha GB 8, uache tundu moja wazi, utaongeza ukijaliwa. Na ukivutiwa na mtumba wa maofisini, ambao mara nyingi una bei nzuri, kumbuka huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizitaki prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kama ni ya zamani zaidi, Linux ni ya bure na barua inaandikika vizuri tu.

Zaidi ya yote, omba uonyeshwe ikiwaka na kutoa picha, hapo hapo dukani, kabla hujatoa hela. Wakikuona mshamba, waache wakuone.

Kasha letu sasa ni jeusi, halina hata taa ya kuringia. Mama huwa anasema lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi. Mimi namwacha tu.