Viatu vya Mwaitu

Wote hatuna yale majira ya joto ya watu wa Instagram, ya kofia pana na miguu kando ya bwawa. Tuna jua tu. Linaanza kuuma Januari, linauma hadi mvua ya Machi ikumbuke njia, linapumzika kidogo mwezi wa saba, halafu Septemba linarudi kudai deni. Kwa hivyo viatu vya wazi huku si vya likizo. Ni vya kanisani, vya sokoni, vya shambani na vya mtoni. Na mto wenyewe, Kaiti, kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Maji yako chini. Ukitaka kufika ukingoni mwa maji, chimba.

Mwaka huu nilitafuta viatu vya wazi kwa wiki tatu, na havikuwa vyangu. Vilikuwa vya mama yangu. Mimi humwita mwaitu, na yeye huniita mwaitu vilevile, kwa sababu nilipewa jina la mamake. Kwa Wakamba hilo ni kawaida. Ukitusikia kwa simu utadhani laini ina mwangwi.

Mwaitu ana ugonjwa wa sukari. Kwa miaka tumebishana kuhusu ugali, chai ya maziwa na soda za harusini. Mwaka huu mazungumzo yalishuka hadi miguuni. Kwenye kliniki, nesi alimwambia afumbe macho, kisha akatoa uzi mgumu wa plastiki, mwembamba kama wa kuvulia samaki. Akawa anaugusisha kwenye unyayo hadi upinde kidogo. Ukisikia, sema. Kisigino: "Hapo." Katikati: "Hapo." Chini ya kidole gumba, kimya. Nesi akagusa tena. Kimya. Mwaitu alikuwa ametulia kabisa, anasubiri kuguswa. Mimi ndiye niliyeuona uzi ukipinda.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva, na zile ndefu zinazofika miguuni ndizo huanza kuzimika. Mguu unaacha kuleta habari. Mwiba unaingia, kokoto inasugua, mchanga wa saa nane unachoma, na mwenye mguu anaendelea na safari yake. Damu nayo isipofika vizuri, kidonda hakiponi. Kuna watu wamekatwa mguu kwa jambo lililoanza kama lengelenge.

Nesi akatoa masharti. Asitembee peku, hata ndani ya nyumba. Asivae patapata. Kiatu kifungwe nyuma, kiwe kipana mbele, na soli isiwe ya kukunjika kama chapati. Kikifunika vidole, bora zaidi.

Tulipotoka nje mwaitu aliniuliza, kwa upole wake wote, kama yule msichana amewahi kuteka maji Kaiti.

Swali lake lilikuwa halali. Kila siku yeye huteremka na punda na jerikeni nne za lita 20. Anaingia kwenye shimo la mchanga, anachota kwa kikombe, anasubiri maji yapande tena. Raba ikiingia humo inajaa maji na mchanga, na mchanga ndani ya kiatu ni msasa. Kiatu cha kufunika kila kitu kingemchubua kabla ya Ijumaa. Kwa hivyo tulihitaji kiatu cha wazi chenye tabia za kiatu cha kufunga, na tulihitaji kukipata Wote.

Tuanze na patapata, maana kila nyumba inazo. Ni kiatu cha kuogea ambacho tumekipa kazi zote za dunia. Hakina kamba nyuma, kwa hivyo kila hatua vidole vinakunjika kukikamata kisitoroke. Ile kamba ya katikati inasugua ngozi kati ya vidole viwili, mahali ambapo hata mwenye macho mazuri haangalii. Na mvua ikija ghafla mto unazibeba. Kaiti humwaga Thwake, Thwake humwaga Athi, na Athi hubadilisha jina kuwa Galana, kisha Sabaki, ikaingia baharini karibu na Malindi. Pwani patapata zimejaa kiasi kwamba watu wa Lamu walijenga jahazi kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa patapata kama 30,000. Linaitwa Flipflopi, na mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Nilimwonyesha mwaitu picha kwa simu. Akaitazama sana. "Kumbe kazi yake ni mashua," akasema, na kesi ya patapata ikaishia hapo.

Akala ndiyo ilikuwa na mzizi. Babake alivaa akala maisha yake yote, na mwaitu anaamini tairi kuliko anavyoamini daktari. Ana sababu. Soli ni tairi la gari, na miiba ya huku kwetu haivuki hapo. Shida iko juu ya soli. Mikanda hushikwa na misumari midogo, na kiatu kikizeeka msumari huanza kuchungulia. Wewe na mimi tutaruka. Mwaitu angetembea nao hadi jioni.

Nilimweleza fundi wa akala sokoni, nikitarajia anitetee biashara yake. Hakubishana. Alichukua akala moja mpya, akapitisha kidole gumba ndani polepole, pembe zote.

"Hivi ndivyo mimi huangalia kabla sijauza, siz," akasema. "Lakini baada ya miezi mitatu kidole changu hakiko hapo."

Hayo maneno yalinifunza kununua viatu kuliko duka lolote. Sisi wote huchagua kwa njia mbili: jicho linapenda, kisha mguu unapiga kura. Unavaa, unatembea hatua nne, unasema kinabana au kiko fiti. Mwaitu kura hana. Kila kiatu nilichomvalisha kilikuwa "kiko sawa, mwaitu". Chenye ukubwa wa nambari moja chini, kiko sawa. Chenye mshono mgumu, kiko sawa. Hakuwa ananidanganya. Ndiyo ripoti aliyokuwa nayo.

Basi ikabidi mkono uchague. Nilimsimamisha juu ya katoni saa kumi na moja jioni, wakati miguu imevimba kidogo, nikachora kila mguu kwa kalamu, kwa sababu wa kushoto ni mpana zaidi. Nikakata, nikaenda na katoni hizo mkobani hadi kwa wauza mtumba. Karatasi ikijikunja ndani ya kiatu, tunaachana. Soli nikijaribu kuipinda katikati ikubali, tunaachana. Nikipitisha vidole ndani nikute mshono, tunaachana. Wauzaji waliniona kichaa.

Wiki ya tatu nikapata jozi ya viatu vya kupandia milima, vya wazi ubavuni ili maji yatoke, mbele vina kofia ya mpira inayofunika vidole. Mikanda mitatu ya kunasa, ile inayolia krrr ukiifungua, kwa hivyo mguu ukivimba unalegeza. Shilingi 900. Fundi wa akala akaondoa kipande cha ndani kilicholika, akabandika kingine laini, na akakataa pesa ya gundi.

Mwaitu alisema ni vibaya. Kweli, vinafanana na vya watalii waliopotea. Lakini anavivaa. Sasa anaenda mtoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla mchanga haujashika moto. Kabla ya kuvaa anavikung'uta, maana nge ni majirani zetu, kisha anaingiza mkono ndani na kuuzungusha. Jioni anaosha miguu, anaikausha hadi katikati ya vidole, na mjukuu anaangalia nyayo kwa tochi ya simu.

Mwezi jana aliwaambia wenzake wa chama, kabla pesa hazijahesabiwa, kila mtu avue viatu amwonyeshe jirani yake nyayo. Walicheka sana. Halafu mmoja wao, anayevaa patapata na ana sukari, akakutwa na mwiba uliozama karibu na kisigino. Hakujua ulikuwepo. Jumatatu mwaitu alimpeleka kliniki, na njiani, akanieleza baadaye kwa simu, walipitia kwa wauza mtumba na kipande cha katoni.