Kahawa ya Kunywa Mlimani

Mimi ni karani wa serikali hapa Kibirichia, mahali palipo juu kwenye ubavu wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambao sisi Wameru huuita Kirimara. Hapa petu ni nchi ya viazi, ngano na kabichi. Baridi ya mwezi wa Julai humfanya karani aandike barua hali amevaa koti, na chai ya maziwa hunywewa tangu alfajiri hata usiku. Kahawa haisitawi huku kwa sababu ya baridi hiyo. Mwenye kuitaka sharti ateremke mpaka Imenti, kwenye udongo mwekundu, nako ndiko nilikozaliwa. Nayaeleza haya mapema ili msomaji afahamu aibu iliyonipata.

Mwezi wa Agosti, mwaka juzi, tuliondoka watu wanne wa ofisini kwenda kupanda mlima kwa njia ya Sirimon. Mmoja wetu alikuwa ndugu wa Mombasa aliyehamishwa kuja kufanya kazi huku. Tulipokuwa tukigawana mizigo aliniambia, "Ndugu yangu, mimi nitachukua mchele na tende. Wewe ni mtu wa Meru, shauri la kahawa nakuachia." Nikakubali kwa majivuno, maana baba yangu ni mkulima wa kahawa, na babu yangu vile vile.

Basi nikazunguka maduka ya Kibirichia, duka moja hata jingine. Niliona majani ya chai ya kila namna. Niliona kakao. Kahawa niliyoipata ilikuwa kopo dogo la unga ule wa kuyeyuka katika maji ya moto. Nikamwuliza mwenye duka kama hana kahawa yenyewe, ile ya buni. Akanitazama kama kwamba nimeulizia theluji. Nikalinunua lile kopo, kwa kuwa siku ya safari ilikuwa kesho yake.

Toka lango la Sirimon, lililo mita 2,650 juu ya bahari, tulitembea kama kilomita tisa mpaka kambi ya Old Moses, iliyo mita 3,300. Jioni upepo ulikuwa mkali. Tukawasha jiko la gesi, nikachemsha maji, nikatia ule unga, nikampa kila mtu kikombe chake. Yule ndugu wa Mombasa akaonja, akasema, "Alhamdulillahi," akakiweka kikombe chini polepole. Hakusema neno lingine. Lakini nilipozunguka nyuma ya kibanda niliona majani yamelowa, na harufu yake naliijua.

Usiku ule alitusimulia habari za kwao: wauza kahawa wa Mji wa Kale wanaopita na dele juu ya makaa, wakigonga vikombe vidogo vilie ili watu wasikie, wazee wakaao barazani baada ya sala, kahawa chungu yenye tangawizi, na kashata kando. Kisha akacheka akasema, "Ajabu! Nyinyi mwaipanda, sisi twainywa." Hakuwa na nia mbaya, ila neno lile lilinichoma kuliko baridi. Nilijifunika blanketi nikawaza kwamba nimesomeshwa kwa kahawa tangu darasa la kwanza hata kidato cha nne katika shule ya misheni, nami sijapata kuonja kahawa ya shamba letu.

Tuliporudi nikaanza kuwauliza watu jinsi wasafiri wa zamani walivyobeba kahawa. Huna haja ya kwenda mbali na Kibirichia. Teremka Isiolo, ambako Waborana huzikaanga buni pamoja na maganda yake katika samli, na kuziandaa pamoja na maziwa wakati wa sherehe na maombi. Ndugu zao wa Ethiopia walijulikana kwa jambo hili tangu zamani. Msafiri James Bruce, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1790, aliandika kwamba wapiganaji wa Oromo walichukua madonge ya kahawa iliyokaangwa na kusagwa, yakachanganywa na siagi, wakayala njiani kama chakula. Na huko Bukoba, Wahaya huchemsha matunda ya kahawa kwa majani yenye harufu, huyakausha, kisha humpa mgeni atafune. Hiyo ndiyo kahawa isiyohitaji jiko wala sufuria, nami nadhani ingefaa sana mlimani siku ya mvua.

Walakini mimi nilitaka ya kunywa. Nikaenda nyumbani mwezi wa Novemba, wakati wa mavuno makubwa.

Nilimkuta baba amekaa chini ya mti wake, na habari aliyonipa haikuwa ya mavuno. Alikuwa amekata shauri kuing'oa mibuni yote, 300 jumla, apande parachichi na migomba. Ndugu zangu walikuwa wamekubali. Mimi nami nilikuwa nimekubali kwa simu miezi miwili nyuma, bila kufikiri sana. Simlaumu baba. Babu alikuwa akituambia jinsi serikali ya kikoloni ilivyoiacha kahawa mikononi mwa walowezi kwa miaka mingi, hata katika miaka ya 1930 ndipo Waafrika wa Meru, Embu na Kisii walipoanza kuruhusiwa kuipanda, nao kwa majaribio tu. Babu alipanda baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuipanua ruhusa ile. Baba akairithi, akaona miaka ya neema, kisha akaona mwaka 1989, mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika na bei ikaanguka. Toka hapo, kila alipopeleka matunda kiwandani alirudi na karatasi, na fedha zikafuata zilipopenda.

Nikamwomba debe moja la matunda mekundu. Akaniuliza ni la nini. Nikamwambia nataka kahawa ya kunywa.

"Kahawa si ya kunywa, mwanangu," akasema. "Kahawa ni ya karo."

Lakini alinipa. Akaongeza kwamba nisichume ya mibuni ya juu, nichume ile ya karibu na kijito, SL 28 aliyoipanda babu, kwa sababu matunda yake ni mazito. Aina hiyo ilichaguliwa katika maabara ya Scott katika miaka ile ile ya 1930, nayo husifiwa mpaka leo kwa utamu wake, ijapokuwa magonjwa huishinda upesi. Wengine siku hizi hupanda Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian, iliyotolewa mwaka 2010. Huyu Batian ndiye yule yule wa kilele chetu cha mita 5,199, ambacho Mackinder, aliyekifikia mwaka 1899, alikiita kwa jina la Mbatian, laibon wa Wamasai. Kwa hiyo siku hizi mtu aweza kupanda Batian asitoke shambani kwake.

Sasa nitaeleza nilivyofanya, maana wengi wenu mna mibuni mlangoni nanyi mnanunua makopo.

Siku ile ile niliyaminya matunda kwa vidole, moja moja, hata vidole vikashika utelezi na mama akanicheka. Nikaziacha buni katika ndoo usiku na mchana ili ule ute uoze. Nyumbani ingetosha siku moja. Nami nikairudisha ndoo Kibirichia, na kwa baridi yetu ikachukua siku mbili. Nikaziosha mpaka zikawa zikisuguana mkononi kwa sauti ya kokoto. Nikazianika juu ya wavu ulioinuliwa toka chini, nikizigeuza mara nyingi na kuzifunika wakati wa mvua na usiku, kwa majuma mawili na zaidi. Kisha kinu, taratibu, ili ganda jembamba litoke buni isivunjike, kisha ungo. Kilo saba za matunda hutoa kadiri ya kilo moja ya buni safi, basi debe langu halikujaza hata mfuko wa sukari wa kilo tatu. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu jasho la baba kwa kilo.

Kuikaanga ndiyo kazi yenye hatari. Kaango la kwanza niliunguza zote, kwa kuwa niliondoka kuitikia simu ya ofisini. Tumia sufuria nzito, moto wa makaa usio mkali, na mwiko usiopumzika. Buni hugeuka toka kijani kuwa manjano, kisha kahawia, na baada ya dakika kumi na kidogo huanza kupasuka zikilia kama bisi. Sauti ikipungua, ngoja kidogo tu, zimwage kwenye ungo, uzipepee zipoe upesi. Zifungie katika kopo kavu, uzipumzishe siku moja au mbili. Wala usizisage zote. Buni nzima hutunza harufu yake kwa majuma, bali unga huipoteza kwa siku chache. Mlimani nilizifunga katika kitambaa kigumu nikazipondaponda kwa jiwe.

Jambo moja sikulijua, na ndugu wa Mombasa hakulijua pia. Maji ya pwani hutokota kwa nyuzi 100, lakini kila upandapo mita 300 hivi, nyuzi moja hupungua. Tulipofika kambi ya Shipton mwezi wa Februari, mita 4,200, nilitumbukiza kipimajoto katika maji yaliyokuwa yakitokota kwa kishindo, kikaonyesha 86. Ndiyo sababu maharagwe hayaivi huko hata ukeshe nayo. Na kahawa nayo, ukiimwagia maji hayo na kungoja kidogo kama watu wa hoteli, hutoka nyepesi yenye ukali wa ndimu. Wanaojua hupenda maji ya nyuzi 90 na kitu, nao huonya kwamba kahawa isitokoswe, maana itaungua ladha. Huko juu onyo hilo halina nguvu, kwa kuwa maji hayawezi kufika kwenye joto la kuiunguza.

Basi ile njia ya dele, ambayo nilidhani ni ya pwani tu, ndiyo iliyofaa karibu na theluji. Tulitia gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji, yaani kijiko kikubwa cha kujaa na kidogo zaidi kwa kikombe. Niliuponda unga laini kuliko wa kawaida, nikafunika sufuria, nikaiacha itokote polepole kama dakika sita, nikauepua, nikanyunyiza maji baridi kidogo ili machicha yashuke. Gesi tuliilaza ndani ya blanketi usiku kucha, kwa sababu baridi huifanya iwe dhaifu. Kuni haziruhusiwi katika hifadhi. Machicha tuliyarudisha chini mfukoni pamoja na takataka nyingine.

Ndugu wa Mombasa alikunywa cha kwanza kimya. Akanyosha mkono kwa cha pili. Akauliza, "Hii ni ya nani?" Nikamjibu, "Ya mzee wangu." Akasema, "Basi mpe salamu zangu," akakaa akikitazama kilele cha Batian kilichokuwa kikigeuka rangi kwa jua la asubuhi. Hatukusema zaidi. Ile saa niliyafikiria majembe.

Tuliposhuka sikupitia Kibirichia. Nilikwenda moja kwa moja Imenti na kikopo kilichobaki. Nikaichemsha kahawa katika jiko la mama. Mama alitia maziwa na vijiko vitatu vya sukari, akasema si mbaya, ila si chai. Baba aliipokea kavu. Alikunywa kidogo, akashusha kikombe, akakiinua tena. Ni mtu wa miaka 70 na zaidi, aliyechuma kahawa tangu utoto wake, na kikombe kile kilikuwa cha kwanza cha kahawa yake mwenyewe. Nilingoja aseme tamu au chungu.

"Hii ni ya miti ipi?" akauliza.

"Ile ya kijitoni, baba."

Akachukua fimbo yake akatoka. Nilimwona toka dirishani akipita kati ya mibuni ya babu, akiinamisha matawi na kuyaachia, kama mtu akaguaye ng'ombe.

Mwezi wa Machi aliing'oa mibuni ya juu, kama alivyokuwa amesema, na miche ya parachichi imekwisha kushika. Sikumzuia, wala sikuwa na haki ya kumzuia, maana karatasi za kiwandani nimeziona kwa macho yangu. Ile ya kijitoni, mibuni 80, imebaki. Ndugu zangu walipomwuliza kwa nini, aliwaambia kwamba mahali pale pana maji mno, parachichi zingeoza mizizi. Jambo hilo ni kweli.

Juma lililopita alinipigia simu ofisini. Hasadiki habari ya maji yanayotokota bila kuwa moto sawasawa, anasema kipimajoto changu ni kibovu. Anataka nimchukue kwa gari mpaka lango la Sirimon mwezi wa Januari, pamoja na sufuria, akajionee mwenyewe. Nimemwambia kwamba langoni maji hufika nyuzi 91, tofauti itakuwa ndogo. Akasema nije na debe mwezi wa Desemba, na safari hii nisiminye kwa vidole kama mtoto.